Neno "boto" (mashua) la Kipapiamentu: asili yake ni Kireno, Kihispania au Kiholanzi?

MkondoWaBahari (#1)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye ule uzi wa maneno ya Kireno ndani ya Kiswahili, watu kadhaa walipita wakisema "boto" ya Kipapiamentu ni "bote" ya Kireno na hakuna la kujadili. La kujadili lipo, tena ni zuri, ndiyo maana nimelifungulia uzi wake.

Kwa ambaye lugha hii ni ngeni kwake: Kipapiamentu ni Krioli ya Curaçao, Aruba na Bonaire, visiwa vitatu vilivyo mbele ya pwani ya Venezuela. Ni lugha rasmi Aruba tangu 2003, na huko Curaçao na Bonaire tangu 2007. Takriban theluthi mbili ya msamiati wake ni ya Kihispania na Kireno, na takriban robo ni ya Kiholanzi. Wahispania walifika 1499, Waholanzi wa Kampuni ya West Indies wakaiteka Curaçao 1634, na kuanzia miaka ya 1650 zikaja familia za Wayahudi wasemao Kireno na Kihispania. Kwa hiyo karibu kila neno la Kipapiamentu lina wazazi watatu wanaoweza kulidai, na boto ni mojawapo.

Matumizi yake kwanza. "Un boto" ni mashua moja, "e botonan" ni zile mashua. Ukitaja idadi, alama ya wingi -nan haiwekwi: "tres boto", si "tres botonan". Kuna boto di remu (ya makasia), boto di bela (ya tanga) na boto di piskadó (ya mvuvi). Chombo kikubwa ni barku, au bapor. Kidogo cha wavuvi huitwa pia kanoa. Kivuko cha bandarini Willemstad, mji mkuu wa Curaçao, ni ponchi.

Hoja yangu: boto ni neno la Kiholanzi, "boot", lililoongezewa irabu kwa kanuni ya Kipapiamentu chenyewe. Bote ya Kireno na Kihispania ililisaidia kukaa, haikulizaa. Karibuni.

BintiMwinyi (#2)

Mkuu Mkondo, mimi ni miongoni mwa walioandika "bote", na bado nina sababu zangu. Utafiti wa Bart Jacobs umeonyesha kwamba sarufi ya Kipapiamentu inafanana mno na Krioli za Cabo Verde na Guinea-Bissau: alama za njeo, viwakilishi, viunganishi. Maana yake kiini cha lugha kilivuka Atlantiki katika nusu ya pili ya karne ya 17 pamoja na watumwa. Watu wa Cabo Verde ni watu wa bahari. Iweje walete neno la maji (awa), la samaki (piská) na la mvuvi (piskadó), halafu la mashua waliazime kwa Mholanzi?

MkondoWaBahari (#3)

Dada BintiMwinyi, hoja hiyo ina uzito, na kuhusu sarufi sibishani nawe. Ila neno mojamoja hupimwa kwa sauti zake. Tufanye kipimo chenyewe hapa.

Neno la Kireno au Kihispania linaloishia na -e isiyo na mkazo hufanywa nini likiingia Kipapiamentu? Mara nyingi -e hiyo hupanda na kuwa -i:

noche (usiku) > nochi
leche (maziwa) > lechi
monte (pori, kilima) > mondi
grande (kubwa) > grandi
parte (sehemu) > parti
doce/dulce (tamu) > dushi

Yapo yanayobaki na e, kama hende (mtu, kutoka gente), na bèrdè (kijani, kutoka verde). Kwa hiyo bote ingetupa "boti", au tuseme "bote". Huko Cabo Verde kwenyewe mashua ni "boti", sawasawa na kanuni inavyodai. Kama boto ingesafiri na watu wale, ingeshuka Curaçao ikiwa boti. Hiyo -o ya mwisho haina njia ya kutoka kwenye -e.

Kaskazi (#4)

Swali la haraka. Sisi tumechukua neno la Kiingereza tukaweka -i: boti, koti, shati, geti. Konsonanti t ikiwa mwisho tunaipa -i. Kwa nini Kipapiamentu kisifanye vivyo hivyo kwa "boot" ya Kiholanzi? Maana kwa mtazamo huo, Kiholanzi nacho kingetoa "boti", na hoja ya #3 inamrudia mwenyewe.

MkondoWaBahari (#5)

Kaskazi, hapo ndipo penyewe, na ndipo wengi wanapoishia bila kusonga. Nijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, Kiswahili sanifu hakiruhusu neno lifungwe na t, kwa hiyo irabu ni lazima. Kipapiamentu hakina ulazima huo. Kina stul (kiti, stoel), haf (bandari, haven), brùg (daraja, brug), matros (baharia, matroos), yote yamefungwa na konsonanti na hayakuguswa. Irabu ya mwisho ikionekana kwenye neno la Kiholanzi, lazima iwe na sababu yake.

Pili, yapo maneno ya Kiholanzi yenye -i mwishoni: buki (kitabu, boek), lampi (taa, lamp), fòrki (uma, vork), hòfi (shamba la miti ya matunda, hof), hopi (nyingi, hoop). Hiyo -i ina maelezo mazuri: Kiholanzi hupenda udogo, boekje, lampje, hoopje, na katika lahaja za mabaharia na watu wa pwani kiambishi hicho kilitamkwa karibu na -i. Waliochukua neno walilichukua likiwa tayari na mkia wake.

Sasa weka t mbele ya kiambishi hicho uone. Pont ni kivuko, pontje ni kivuko kidogo, na t+j huungana zikasikika kama ch. Kipapiamentu kikasema ponchi. Ndicho kivuko cha bure kinachowavusha waenda kwa miguu kati ya mitaa ya Punda na Otrobanda, lile daraja la kuelea la Queen Emma la 1888 linapokaa wazi kwa muda mrefu kupisha meli. Kwa mfano huo, bootje ingetoa "bochi". Hatuna bochi. Kwa hiyo kilichochukuliwa ni boot kavu, bila kiambishi cha udogo, na -i ikakosa mlango wa kuingilia.

Tatu, ndiyo muhimu kuliko zote: Kipapiamentu kina kanuni yake ya kuongeza irabu, na inaonekana wazi kwenye maneno mawili mafupi ambayo yeyote anaweza kuyahakiki:

sol (jua) > solo
sal (chumvi) > salu

Kihispania na Kireno vyote vinasema sol na sal, bila irabu mwishoni. Irabu hiyo imezaliwa Kipapiamentu, na inasikiliza irabu ya silabi yenye mkazo: baada ya o inakuja o, baada ya a inakuja u. Weka boot ya Kiholanzi, yenye o ndefu, kwenye mashine hiyohiyo: boto.

Shungwaya (#6)

Naongezea kwenye hiyo tatu, maana ina mizizi mirefu kuliko ilivyoonyeshwa. Mgawanyo huo wa o na u hauonekani kwenye irabu zilizoongezwa peke yake. Uko pia kwenye -o ya asili ya Kiiberia, yaani ya Kireno na Kihispania. Curaçao wanasema barku (barco), palu (palo), tempu (tempo), remu (remo), zote na -u. Lakini wanasema loko (kichaa), otro (nyingine), porko (nguruwe), gordo (mnene), toro (fahali), bolo (keki), zote na -o. Tofauti ni ile o ya ndani, inaishikilia o ya mwisho isipande kuwa u.

Haifanyi kazi kila mahali. Fòrnu (tanuri) ina ò iliyo wazi na imepata -u. Lakini kwa o iliyofumba, yaani ile isiyo na alama, mwelekeo ni thabiti, na boto inakaa humo bila kusukumwa.

Halafu tazameni alama yenyewe. Tahajia ya Curaçao hutofautisha o na ò. Maneno ya Kiholanzi yenye o fupi yamepata ò: fòrki, hòfi, klòk (kutoka klok). Yenye oo ndefu yamepata o: hopi kutoka hoop, boto kutoka boot. Hata silabi ya kwanza inakubaliana na Kiholanzi. Bote ya Kireno ina o iliyo wazi. Sisemi hilo linaiua hoja ya Kireno, kwa kuwa porta ya Kireno ina o wazi pia na Kipapiamentu kinaandika porta bila alama. Nasema Kiholanzi hakina kikwazo chochote katika silabi hii.

BintiMwinyi (#7)

Shungwaya, asante, orodha ya loko na otro inanisogeza. Ila basi tuzingatie njia ya tatu ambayo hamjaigusa: Suriname. Kisranan, Krioli ya huko, kinaita mashua "boto". Kisaramaka, Krioli nyingine ya huko, hali kadhalika. Suriname ilikuwa ya Waingereza, ikahamia kwa Waholanzi kwa mkataba wa Breda wa 1667, na Kampuni ileile ya West Indies ilikuwa na mkono pande zote mbili. Meli na watu walikwenda na kurudi. Je, Curaçao haikuipata boto kutoka huko ikiwa imeshaiva?

Shungwaya (#8)

Ufanano upo na ni wa kweli, lakini tahadhari. Kisranan cha kale kiliweka irabu mwishoni mwa karibu kila neno, na mara nyingi ilikuwa irabu iliyoiga ile ya ndani: bigi (kubwa), futu (mguu), brudu (damu), luku (tazama). Boto yao ni zao la kanuni hiyo pana, juu ya neno la Kiingereza au la Kiholanzi. Kwa hiyo Kisranan kingefika kwenye boto peke yake, na Kipapiamentu kingefika kwenye boto peke yake, kila kimoja kwa njia yake. Maneno mawili kufanana katika lugha mbili ambazo zote zina sababu za ndani za kufanana hakuthibitishi mkopo. Ili udai mkopo, utafute kitu ambacho Kipapiamentu kisingeweza kukizaa chenyewe.

Kisranan kinatusaidia kwa jambo moja tu: kinaonyesha kwamba boot au boat ikipewa irabu ya kuiga, matokeo ni boto. Hakuna Mreno anayehitajika.

Kaskazi (#9)

Na "boto" ya Kireno je? Ipo kwenye kamusi.

MkondoWaBahari (#10)

Ipo, na ni mtego. Boto ya Kireno ni pomboo, hasa yule wa mto Amazon. Haihusiani na chombo. Anayetafuta neno kwa kuandika herufi zake kwenye kamusi ya lugha nyingine bila kutazama maana atanaswa hapo.

Mtego wa pili ni tahajia ya Aruba. Aruba wanaandika kwa kufuata asili ya Kiiberia: barco, palo, saco, remo, salo. Curaçao na Bonaire wanaandika kwa kufuata sauti, kwa utaratibu uliokubaliwa 1976: barku, palu, saku, remu, salu. Ukiwa na kitabu cha Aruba mkononi, boto na barco zote zinaishia na -o, unaona neno la Kiiberia la kawaida kabisa na unapita. Ushahidi wote wa #5 na #6 umefutika mbele ya macho yako. Kwa kazi ya namna hii anza na maumbo ya Curaçao, halafu ndipo ulinganishe na ya Aruba.

Mtego wa tatu: kulinganisha na Kihispania cha leo tu. Baadhi ya maneno yanayoonekana ya Kihispania ni ya Kireno ukiyatazama vizuri. Pretu (nyeusi), galiña (kuku), tambe (pia), haya ni preto, galinha, também. Kihispania kingetoa kitu kingine kwa mengi ya hayo. Daima weka safu tatu: Kireno, Kihispania, Kiholanzi.

Kaskazi (#11)

Nimeelewa. Hayo majina mengine ya vyombo uliyoyataja #1, yana utata kama huu?

MkondoWaBahari (#12)

Utata kama huu hapana, na mawili yana mafunzo.

Barku ni barco, na Kireno na Kihispania wanagawana sawa. Hapo hakuna namna ya kuamua kwa sauti, na hakuna haja.

Bapor ni vapor, mvuke, v ikawa b kama ilivyo bela (vela) na bentana (ventana). Uzuri wake ni kwamba kitu chenyewe kina tarehe. Meli ya mvuke ya Kiholanzi iliyoitwa Curaçao ilivuka kutoka Hellevoetsluis hadi Paramaribo na kisha Curaçao mwaka 1827. Jina la chombo haliwezi kutangulia chombo, kwa hiyo bapor ni mtoto wa karne ya 19, wakati lugha imeshakomaa. Leo bapor hutajwa kwa meli ambazo hazijui mvuke, kama sisi tunavyosema meli, neno lililotokana na barua za posta.

Kanoa ndiyo kongwe. Ni neno la Waarawak wa Karibi, Columbus alilisikia 1492, na Nebrija akaliingiza kwenye kamusi yake ya Kihispania kabla karne haijaisha. Wenyeji wa Curaçao, Wacaquetío, walikuwa wasemaji wa lugha ya Kiarawak, hivyo watu hupenda kusema kanoa ni urithi wa moja kwa moja wa kisiwa. Lakini kanoa ilikuwa imeshaenea katika Kihispania chote na Kireno chote, na huko ndiko njia fupi ya kufika kwenye Kipapiamentu.

BintiMwinyi (#13)

Basi nirudi kwenye swali langu la kwanza, halijajibiwa: kwa nini maneno ya bahari yawe ya Kiiberia na mashua iwe ya Kiholanzi?

Shungwaya (#14)

Dada, panga maneno kwa mahali yanapotumika, uone. Bahari yenyewe, samaki, tanga, kasia: laman (la mar, kibainishi "la" cha Kihispania kimeganda mbele), piská, bela, remu. Hayo ni ya anayevua na kuishi ufukweni, nayo ni ya Kiiberia. Sasa ingia bandarini: haf, waf (gati), matros, ponchi, dèk (sitaha). Hapo kazi iliendeshwa na Waholanzi, na maneno ni yao.

Boto iko upande gani? Fikiria Willemstad. Mlango wa St. Annabaai ni mwembamba, meli kubwa inaingia kwa shida, nyuma yake kuna maji mapana ya Schottegat. Meli ya enzi ya tanga ilibeba mashua yake ya kuteremsha majini: ya kuvutia meli, kupeleka kamba gatini, kushusha watu, maji na mizigo. Kwa Mholanzi hiyo iliitwa boot. Mtu aliyefanya kazi gatini Curaçao alilisikia neno hilo likiitwa kwa sauti kutwa nzima. Msemaji wa Kihispania kutoka Venezuela naye aliposema bote, mwenyeji alimwelewa mara moja. Neno moja lilisikika kutoka pande mbili, umbo likabaki la upande mmoja.

MkondoWaBahari (#15)

Na pande hizo mbili zenyewe ni ndugu. Bote ya Kihispania ilipitia Kifaransa cha kale, "bot", ambacho nacho kilichukua kutoka Kiingereza cha zama za kati. Ya Kireno ina safari hiyohiyo. Boot ya Kiholanzi nayo inaaminika kutoka Kiingereza. Shina ni moja, la Kijerumaniki, "bāt" ya Kiingereza cha kale. Kwa hiyo tunabishania kituo cha mwisho cha safari. Chanzo hakina mgogoro. Boti yetu Waswahili imetoka kwenye mti huohuo kwa tawi la Kiingereza.

Hii haifanyi swali liwe dogo. Anayeandika kamusi lazima aandike kitu kimoja mbele ya neno, na wengi huandika "bote" kwa sababu ya ile theluthi mbili: wakiwa na shaka wanalipa neno kwa Kiiberia. Hapo ndipo ninapokataa. Uwiano wa msamiati mzima hauamui neno mojamoja.

Kaskazi (#16)

Naomba utaratibu basi, kwa ajili ya maneno mengine. Nina "ankra" (nanga), nataka kulijaribu.

Shungwaya (#17)

Fanya hivi. Andika umbo la Curaçao na la Aruba, pamoja na maana zote. Andika wagombea watatu kama wanavyotamkwa, usitazame maandishi. Kwa kila sauti yenye tofauti, tafuta maneno yasiyopungua matano ambayo asili yake haibishaniwi, uone kanuni inasema nini. Usitumie neno lenye utata kama ushahidi wa neno lingine lenye utata. Saku, kwa mfano, inaweza kuwa saco au zak, iache nje. Kisha tazama Krioli ndugu, Cabo Verde kwa upande wa Kireno na Suriname kwa upande wa Kiholanzi. Mwisho, maandishi ya kale: barua ya 1775 ya Wayahudi wa Curaçao ndiyo maandishi ya mwanzo ya Kipapiamentu tunayoyasoma leo, na katekisimu ya padre Mkatoliki Niewindt ya 1826 inafuata mbele. Neno likikosekana humo, usihitimishe kwamba halikuwapo. Barua ya mapenzi na kitabu cha dini havina sababu ya kutaja kila chombo cha gatini.

Mwanaisimu Lenz, aliyechapisha uchambuzi wake wa Kipapiamentu 1928, alipata sehemu kubwa ya data kutoka kwa mpishi wa melini mzaliwa wa Curaçao wakiwa safarini. Data ya mtu mmoja, lakini ya mtu anayejua chombo. Kwa msamiati wa bahari ni hazina.

Sasa ankra. Wagombea: anker ya Kiholanzi, âncora ya Kireno, ancla na áncora za Kihispania. Angalia mwisho wa neno. Kiholanzi -er hubaki -er: lèter (herufi). Hata -re ya Kiiberia hugeuzwa kuwa -er: hòmber (hombre), hamber (hambre). Kwa hiyo lugha hii inaipenda -er, na anker ingekaa anker bila taabu yoyote. Ankra ina -a. Ancla ina -a lakini ina l. Inabaki âncora au áncora, o ya katikati isiyo na mkazo ikidondoka: ankora, ankra.

BintiMwinyi (#18)

Kwa hiyo nanga ni ya Kiiberia na mashua ni ya Kiholanzi, katika chombo kimoja. Nakubali boot, kwa sababu ya solo na salu. Ningeomba tu kwenye orodha ya pamoja iandikwe: boto, kutoka Kiholanzi boot, ikiimarishwa na bote ya Kihispania na Kireno. Usiifute bote kabisa.

MkondoWaBahari (#19)

Imeandikwa hivyo, dada. Nimeongeza ankra chini yake, na mfano wa sol > solo kama ushahidi. Anayefuata achukue "waf": kuna werf ya Kiholanzi na wharf ya Kiingereza, na r imepotea katikati. Anzeni na maneno mengine ya Kiholanzi yenye r kabla ya konsonanti; fòrki imeibakiza.